Jina lililo kwenye karatasi ni la dereva

(Niliongea haya mbele ya wafanyakazi wa kaunti na wa mahoteli hapa Mombasa. Wengi waliomba yaandikwe, nimeyaandika karibu vile yalivyotoka mdomoni, nimepunguza tu mizaha.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na wale hawakujibu hizo mbili, hamjambo. Mwenyekiti amenipa dakika ishirini niongee haki za mfanyakazi wakati wa siasa, mimi nikamwambia dakika ishirini kwa mtu wa Pwani ni salamu tu, akacheka, kwa hivyo mkichoka mkamlalamikie yeye.

Nianze na gari. Wengi wenu hapa ni wa kaunti, madereva, makarani, watu wa stoo, watu wa hesabu, na nawaona wa mahoteli wamejaa kule nyuma, karibuni, yenu yaja. Nyinyi wa kaunti hii mnaijua. Ijumaa saa kumi jioni unaambiwa kesho gari latoka. Laenda wapi? Latoka tu. Jumamosi asubuhi wakuta namba ya gari imezibwa kwa karatasi, nyuma kumepakiwa tisheti na leso zenye sura ya mheshimiwa, mabando kwa mabando, na kwenye kile kitabu cha safari waambiwa andika "ukaguzi wa miradi". Mafuta ni ya kaunti, kilomita zile gari itasoma zitabaki pale pale kwenye mita, na jina linaloandikwa pale chini na kutiwa saini ni lako wewe. Aliyekutuma hajaandika popote, yeye amepiga simu tu.

Sasa hio Jumamosi sheria inaionaje? Sheria ya Makosa ya Uchaguzi ya mwaka 2016 inasema mgombea akitumia mali ya umma kufanya kampeni ni kosa. Vizuri, tupige makofi. Lakini hio hio sheria inasema mtumishi wa umma akijiingiza kwenye kampeni za chama au mgombea naye ana kosa. Mtumishi wa umma ni nani? Ni wewe na hicho kitabu chako. Kwa hivyo mko wawili mliokosa, ila ushahidi uko na jina moja, na jina lenyewe si la mheshimiwa.

Hapo ndipo nataka tukae leo. Hii nchi imeandika sheria nyingi sana za maadili ya viongozi na pesa za kampeni, na zote, nasema zote, zinategemea kuna mtu mdogo mahali fulani ameona karatasi na hajaogopa kusema. Huyo mtu mdogo kinga yake iko wapi? Haiko kwenye sheria za siasa, huko hata ukiitafuta na tochi utapata vipande vipande tu. Iko kwenye sheria ya kazi. Na sheria ya kazi wengi wetu twaijua siku ya kufutwa, tukiwa tumeshika barua mkononi.

Wacha niende pole pole.

Katiba ya 2010 ina Sura ya Sita, uongozi na uadilifu, vifungu vya 73 mpaka 80. Ni sura tamu kusoma, nawaambia. Inasema afisa wa serikali akipewa zawadi kwenye shughuli ya umma hio zawadi ni ya Jamhuri, si yake. Inasema asiwe na akaunti ya benki nje ya Kenya isipokuwa vile sheria itakavyoruhusu. Inasema akifukuzwa ofisini kwa kukiuka hayo maadili asishike tena ofisi ya serikali. Ukiisoma usiku unalala vizuri, asubuhi ukifungua redio unashangaa ni nchi gani hio ilikuwa inaongelewa.

Tatizo moja liko kifungu cha 99. Mtu akipatikana ametumia ofisi vibaya au amevunja Sura ya Sita hafai kugombea ubunge, sawa, lakini mstari unaofuata unasema hazuiwi mpaka rufaa zote ziishe. Zote! Na nyinyi mnajua kesi za hii nchi, Mahakama Kuu, halafu Rufaa, halafu Upeo, katikati hapo wakili anaumwa, faili haionekani, jaji amehamishwa, mtu anamaliza mihula miwili akiwa bado "mshukiwa". Mwaka 2022 EACC, tume ya kupambana na ufisadi, iliandikia IEBC, tume ya uchaguzi, ikiwataja wagombea zaidi ya 200 wenye maswali ya uadilifu, na wengi wao majina yao mliyaona kwenye karatasi za kura kama kawaida. IEBC nayo si kwamba ilikuwa imelala, iliangalia sheria, na sheria imeandikwa hivyo.

Iliyouma kweli kweli ni ile ya Sonko, na ile mnaikumbuka kwa sababu ilikuja mpaka hapa kwetu. Alitolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, Seneti ikathibitisha, 2022 akaja Mombasa kutaka ugavana wetu, na Julai 2022 Mahakama ya Upeo ikakataa rufaa yake, safari ikaishia hapo. (Na hata hivyo uchaguzi wetu wa gavana ukasongezwa hadi Agosti 29 kwa sababu ya karatasi za kura zilizochanganywa, lakini hio ni hadithi nyingine na mimi damu yangu ya presha sitaki kuigusa.) Ninachotaka muone ni hivi, ile njia ilifanya kazi kwa sababu alikuwa ameshatolewa ofisini na wanasiasa wenzake. Sio mahakama iliyoanza, sio tume. Yaani Sura ya Sita inauma mkubwa pale wakubwa wenzake wamemchoka.

Tuje kwa pesa. Wazee mlio hapa mnakumbuka 1992, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu vile vya zamani, noti ya shilingi 500 ilimwagwa mpaka watu wakaiita Jirongo, kwa jina la mwenyekiti wa YK'92, lile kundi la vijana waliompigia Moi kampeni. Kenya nzima ilikuwa inajua pesa zinatoka mahali lakini hakuna daftari lililosema ni wapi. Mwaka 2013, miaka ishirini na moja baadaye, ndio Bunge likapitisha Sheria ya Ufadhili wa Kampeni za Uchaguzi. Kwenye makaratasi ni sheria nzuri, mgombea afungue akaunti ya kampeni, ataje nani anampa pesa, asipokee za serikali za nje, na mtoaji mmoja asitoe zaidi ya asilimia 20 ya michango yote, ili mgombea asiwe mali ya tajiri mmoja. Na Katiba yenyewe kifungu cha 88 imeipa IEBC kazi ya kuweka kiwango cha pesa za kutumia.

Haya. 2017 ikakaribia, Bunge likaibadilisha sheria, likasema itaanza kutumika baada ya uchaguzi. 2022 ikakaribia, Agosti 2021 IEBC ikachapisha viwango, mgombea wa urais asizidishe shilingi bilioni 4.4, watu wakaanza kubishana kama bilioni nne ni kidogo au nyingi, mimi nikasema jamani hata hio tu ifuatwe tufurahi, Bunge likazitupa zile kanuni, eti utaratibu haukufuatwa. Basi. Chaguzi mbili, sheria iko kabatini imekunjwa vizuri. Sisemi IEBC haikuchelewa, ilichelewa, lakini ni nani aliyekuwa anaamua? Ni mbunge ambaye mwaka mmoja baadaye atakuwa anagawa tisheti. Kesi ya nyani ameletewa ngedere.

Majirani zetu Tanzania wana Sheria ya Gharama za Uchaguzi tangu 2010, na kabla ya hapo walikuwa na mambo yao ya takrima, yaani sheria ilikuwa inamruhusu mgombea kukaribisha wapiga kura kwa nia njema, mpaka 2006 Mahakama Kuu yao ikasema hapana, hio yavunja katiba kwa sababu asiye na pesa atakirimu na nini. Hio sheria yao inafuatwaje ni mjadala wao, siuingilii, nasema tu wenzetu walifika mahali sheria ikaanza kutumika, sisi bado twaipangusa vumbi.

Na ile fomu ya kutangaza mali, ambayo hata nyinyi makarani mnajaza, karani wa kaunti anajaza kiwanja chake cha hamsini kwa mia na pikipiki. Ilianza na sheria ya maadili ya maafisa wa umma ya 2003. Mwananchi akitaka kuona ya mkubwa alitakiwa aombe, aonyeshe ana sababu nzuri, na akichapisha bila ruhusa afungwe yeye. Mwaka 2025 ile sheria ikaondolewa ikaja ya mgongano wa maslahi, Rais akatia saini mwisho wa Julai, twangoja tuone itakavyotembea. Mimi siku gazeti litaandika mali ya waziri kutoka kwenye fomu yake, na mwandishi alale nyumbani kwake usiku huo, ndio nitaamini.

Sasa basi, kama tume hazina meno, daftari la pesa halipo na fomu ziko kabatini, ufisadi mkubwa wa hii nchi ulijulikana vipi? Hebu nikumbusheni ile kashfa ya Goldenberg ilitokaje.

Naam, mzee amesema. Munyakei. David Munyakei, karani wa Benki Kuu. Vijana hamumjui na hilo si kosa lenu. Alikuwa karani tu, kazi yake makaratasi ya malipo ya wanaouza bidhaa nje, akaona kampuni moja inalipwa fidia ya asilimia 35 kwa dhahabu na almasi zinazodaiwa kuuzwa nje, pesa nyingi mno, zinarudi na zinarudi, na Kenya almasi twachimba wapi? Niambieni, Kwale? Akatoa karatasi zikafika kwa wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 akakamatwa, akashtakiwa kwa sheria ya siri za serikali, kesi haikusimama lakini kazi ilikuwa imeshaota nyasi. Akaja kujificha huku huku kwetu Mombasa. Miaka kumi baadaye Rais Kibaki akaunda tume ya Jaji Bosire, Munyakei akaitwa akatoa ushahidi, akapewa tuzo, picha zikapigwa. Kazi hakurudishiwa. Akafa 2006, maskini.

Nataka muifikirie hio kikazi, sio kisiasa. Yule hakuwa mwanasiasa wala mwanaharakati. Alikuwa ni mfanyakazi aliyefutwa kazi. Waliotajwa kwenye ile kashfa wengine waligombea tena vyeo na wakachaguliwa, yeye alikuwa anatafuta kibarua. Na ukiniuliza kwa nini leo karani wa kaunti akiona vocha ya mahema na viti vya mkutano wa kampeni imeandikwa "semina ya uhamasisho" anaipiga muhuri anaendelea na chai yake, jibu ni kwamba yeye ana watoto, na anajua yaliyompata Munyakei hata kama jina hajawahi kulisikia.

Leo kuna tofauti gani? Kuna kidogo, na hicho kidogo ndicho nataka mtoke nacho hapa, kwa hivyo wale wanaochati kwenye WhatsApp wekeni simu chini kidogo.

Kwanza, Katiba kifungu cha 236, hiki ni cha watumishi wa umma. Usionewe wala kubaguliwa kwa sababu umefanya kazi yako vile Katiba inavyotaka, na usifutwe wala kushushwa cheo bila utaratibu wa sheria. Kiandike mahali.

Pili, Sheria ya Hongo ya 2016 kifungu cha 21. Mtu akikushusha cheo, akikufuta, akikuhamisha kwenda mahali pa kukukomoa, au akikutisha kwa sababu umetoa habari ya hongo, yeye ndiye mwenye kosa, faini mpaka milioni moja au kifungo mpaka mwaka mmoja. Tena mwenye madaraka akijua au akishuku hongo anatakiwa aripoti ndani ya saa 24. Lakini sikilizeni vizuri, hii ni ya hongo. Gari la Jumamosi lile halina hongo ndani yake, lina mafuta na tisheti, kwa hivyo kinga hii inaweza isikufikie. Sheria kamili ya kuwalinda wanaofichua maovu imekuwa mswada kwa miaka, unasomwa, unapotea, unaandikwa tena. Hilo pengo ndilo ningependa chama chenu cha wafanyakazi kipigie kelele zaidi hata ya nyongeza ya mshahara, najua mwenyekiti ananiangalia vibaya hapa.

Tatu, na hapa wa mahoteli amkeni, Sheria ya Ajira ya 2007. Kifungu cha 5 kinamkataza mwajiri kukubagua kwa maoni yako ya kisiasa. Mwajiri yeyote, wa serikali, wa hoteli, wa godauni, wa nyumbani. Kifungu cha 46 kinasema maoni yako ya siasa au chama chako si sababu halali ya kukufuta, na kulalamika dhidi ya mwajiri pia si sababu halali, labda iwe lalamiko la upuuzi lisilo na msingi. Kwa hivyo bosi akisema leo wote mvae tisheti za mgombea fulani twende uwanjani, asiyekwenda asirudi Jumatatu, wewe una haki ya kubaki jikoni ukakate vitunguu vyako.

Najua mtaniambia nini. Mtaniambia hakuna bosi anayeandika "nimekufuta kwa siasa". Kweli kabisa. Anaandika "msimu uko chini, tunapunguza watu", au anangoja wiki mbili halafu glasi mbili zinapotea ni wewe. Ndio maana kifungu cha 41 ni muhimu kuliko mnavyofikiria. Kabla hajakufuta kwa makosa au kwa kazi mbovu ni lazima akueleze sababu, kwa lugha unayoielewa, na una haki ya kuwa na mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi hapo ndani, na mkisema kitu asikilize. Asipofanya hivyo tayari ana shida hata kama glasi kweli zilipotea. Kesi nyingi wafanyakazi wanazoshinda wanashinda hapa, si kwa kuthibitisha bosi alikuwa na roho mbaya, roho haionekani kortini. Na ukishinda korti inaweza kuagiza ulipwe mpaka mishahara ya miezi 12, wakati mwingine urudishwe kazini. Una miaka mitatu ya kwenda kortini, usingoje mpaka uchaguzi mwingine upite.

Wale vibarua, mmekuja wengi na nimefurahi. Kibarua aliyefanya kazi mfululizo ikafika jumla ya mwezi mmoja sheria haimtambui tena kama kibarua wa siku, kifungu cha 37. Mwaambiwa "wewe huna kontrakti", sawa, lakini kutoa maelezo ya kazi kwa maandishi ni jukumu la mwajiri, na asipoyatoa kortini yeye ndiye wa kuthibitisha kwamba unayosema si kweli. Kwa hivyo wewe kazi yako ni kuweka ushahidi: meseji ya kuitwa kazini, ile M-Pesa ya malipo, picha ya rosta ukutani.

Na hapo kwenye ushahidi nirudi kwa dereva. Aliniuliza mmoja, sitasema wa wapi, afanye nini sasa, akatae amri? Mimi sikumwambia akatae, ni rahisi mimi mwenye mdomo kukaa hapa na kusema kataa. Nilimwambia andika ukweli. Simu imekuja saa ngapi, nani amepiga, umeenda wapi, mita imesoma ngapi kwenda na kurudi. Kwenye kile kitabu ukilazimishwa kuandika "ukaguzi wa miradi", jioni mtumie meseji aliyekupigia, kwa adabu, "Mkubwa, gari limerudi kutoka uwanjani, mita ni hii, naomba unithibitishie safari." Asipojibu, meseji iko. Akijibu "sawa", ndio umepata saini yake. Picha ya ile namba iliyozibwa usiitume kwenye grupu, grupu ndio njia ya haraka ya kufutwa, EACC wana njia ya kuripoti kwenye mtandao bila kutaja jina.

Kingine cha haraka. Mwaka 2021 Msajili wa Vyama vya Siasa alipofungua watu wajiangalie mtandaoni, Wakenya wengi walikuta ni wanachama wa vyama ambavyo hawajawahi hata kukanyaga ofisi zake. Wewe mtumishi wa umma unayetakiwa usiwe na upande, angalia kabla hujaangaliwa, na ukijikuta humo omba utolewe kwa maandishi.

La mwisho, maana mwenyekiti ameshasimama. Uchaguzi ni Jumanne ya pili ya Agosti, itakuwa tarehe 10 Agosti 2027. Mtumishi wa umma anayetaka kugombea anatakiwa ajiuzulu angalau miezi sita kabla, kwa hivyo hesabuni mwanzoni mwa Februari. Karani anayetaka uwakilishi wadi anaacha mshahara na bima ya watoto nusu mwaka mzima. Mbunge, gavana, naibu wake, mwakilishi wadi aliye kitini, sheria hio hio ya kujiuzulu imewataja kwa majina ya vyeo vyao kwamba hawaguswi, wanafanya kampeni wakiwa kazini, ndani ya gari, na dereva wamepewa. Nani ameandika hivyo? Tumeshasema nani anaandika. Kama kuna yeyote hapa ana mpango wa kugombea aje anione pembeni tupige hesabu za mshahara wake kwanza, na wengine wenye barua za kutakiwa wajieleze, zileteni hapa mbele, msizikunje, na mnionyeshe tarehe mliyopokea.